Jina la Kisima Kikubwa

"Mko macho?"

"Tuko macho!"

"Basi sikilizeni vizuri, maana nikimaliza sitawajibu. Nitawauliza."

Katika nchi ya Kizara palikuwa na ndugu wa tumbo moja, wapwa wa Malkia Mtiti. Wako wanaosimulia kwamba walikuwa wanne. Si kweli. Bibi yangu mzaa baba aliipokea hadithi hii kwa shangazi yake, na walikuwa watatu: Nunu, Badi na Somoe. Nunu alijaliwa jicho. Kitu kisicho na kazi hakikuweza kujificha mbele yake. Badi alijaliwa ulimi; aliweza kukunyima jambo, nawe ukaondoka unacheka. Somoe, kitinda mimba, alijaliwa moyo. Alilowataka wengine walifanye, alilianza yeye.

Utajiri wa Kizara ulikuwa visima vya chumvi. Chumvi ilileta nafaka, nafaka ikajaza ghala la serikali, na ghala likawalipa walimu, wakunga, askari na kila mwenye cheo. Lakini kila mwaka ghala liliisha kabla ya malipo kuisha. Pengo hilo, ambalo wenye hesabu huliita nakisi, Malkia alilijaza kwa kukopa kwa jirani yake, mfalme wa Gongwe. Mwaka huo mfalme akatuma neno: "Kipupwe kikiisha nakuja. Nikikuta mmewalipa watu wote bila kukopa, tutabaki majirani. Nikikuta pengo, kisima kikubwa ni changu."

Kuongeza kodi? Walikwisha jaribu, na watu wakahamia ng'ambo ya mpaka pamoja na mbuzi wao. Ilibaki njia moja tu: serikali ipunguze matumizi yake.

Akaanza Nunu. Alizunguka nchi nzima, akafika kwenye daraja lenye walinzi, wapishi na mpiga ngoma.

"Mzee wangu, daraja hili ni la mto gani?"

"Mto ulihama zama za babu yangu," akajibu Mzee Chande, mkuu wa daraja.

"Sasa mnalinda nini?"

"Daraja, binti yangu. Lisiibwe!"

Kizara ndivyo ilivyokuwa: cheo hakikufutwa, kazi hata ife. Mtu alirithi cheo kama anavyorithi shamba. Nunu alimkuta hata mtunza tembo wa kifalme, na msaidizi wake. Tembo alikufa kabla wote wawili hawajazaliwa. Akarudi kwa Malkia akamwambia, "Hapa kata. Pale kata. Shule usiguse, wala wakunga usiwaguse." Kila alipopaonyesha palikuwa pa kukata kweli.

Lakini kuona si kukata. Wenye vyeo walipopata habari walijaa uwanjani na fimbo, wakimtafuta Nunu. Hapo akasimama Badi.

"Wajomba zangu, nani amekula leo?"

"Sote!"

"Kwa chumvi, au bila chumvi?"

"Kwa chumvi, mpumbavu wewe!"

"Basi lambeni vidole vizuri. Mwakani mtaiomba Gongwe!"

Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele. Badi akamgeukia mkuu wa daraja. "Na wewe Mzee Chande, mto wenyewe ulihama bila kubembelezwa. Wewe tunakubembeleza!"

Hata Mzee Chande alicheka, na fimbo zikashuka. Kisha akasema, "Sawa, tutavua vyeo tukachote chumvi. Lakini sisi tufunge kibwebwe, na nyumba ya Malkia ilegeze?"

"Umesema!" uwanja ukaitikia. Fimbo zikaanza kupanda tena.

Basi kwa mila, arusi ya ukoo wa Malkia ililipiwa na ghala la serikali: siku saba, ng'ombe, matarumbeta, na nchi nzima ikila. Na mwaka huo mchumba alikuwa Somoe. Akasimama mbele ya watu wote.

"Arusi yangu itakuwa ya kahawa na tende. Asubuhi moja."

"Somoe!" mama yake akapiga ukelele. "Utaolewa kama mjane? Mimi siku saba, mama yangu siku saba!"

"Mama, mume ni yule yule."

Vigelegele vilipasua anga. Mzee Chande akavua kofia yake ya cheo, akaiweka chini. Mtunza tembo akaweka yake. Wakafuata wote, na kesho yake wakashuka visimani.

Kipupwe kikaisha. Mfalme wa Gongwe akaja na wapagazi wake, akaketi penye mlango wa ghala. Malipo yakaanza. Walimu wakalipwa, rundo likapungua. Askari wakalipwa, sakafu ikaanza kuonekana.

"Bado nani?" Malkia akauliza.

"Wakunga wa kusini."

Watu walishika vifua. Mkunga wa kwanza, wa pili, hata wa mwisho. Mtunza ghala akafagia, akapima kilichosalia, akatoka mbio huku kanzu imemnasa miguuni.

"Pishi moja! Imebaki pishi moja!"

Wasiojuana walikumbatiana. Mfalme akachungulia ndani, akawaita wapagazi wake, akaenda zake.

Kwa desturi ya Kizara, kisima kilichookolewa hupewa jina la mwokozi wake. Jina ni moja tu, na uzao wa mwenye jina huchota kapu la kwanza kila msimu, milele.

"Nunu!" walipaza sauti wengine. "Bila jicho lake tungefunga shule tukaacha daraja."

"Badi! Bila ulimi wake, Nunu angekuwa kaburini, na vyeo viko pale pale."

"Somoe!" alilia mama yake. "Arusi haina marudio!"

Kweli, bila yeye hakuna kofia ambayo ingewekwa chini.

Ndipo Mzee Chande akajipenyeza hadi mbele, viganja vimepasuka kwa chumvi.

"Mmoja aliona, mmoja alisema, mmoja aliacha sherehe, na kila mmoja jioni alirudi nyumbani kwake akala. Sasa niambieni: nafaka iliyojaza pengo ilitoka kwenye sahani ya nani? Si yetu sisi tuliokatwa?"

Malkia aliinua mkono atamke jina, akaushusha. Akauinua tena, akaushusha. Chumvi ya msimu ilikuwa tayari, makapu yamepangwa ukingoni, na hakuna aliyethubutu kuchota la kwanza.

Mimi nimefika mwisho wa nilichopewa. Wewe uliyekaa hapo unatikisa kichwa, inuka utuambie: kapu la kwanza ungempa nani?