Salamu za Bi Kurwa

Gunia la mahindi lilikuwa limefika nusu. Bibi Namsifu alisugua gunzi kwa gunzi, punje zikamwagika kwenye ungo, na wajukuu wake, Elinami na Nakijwa, wakapukuchua pembeni yake. Mkono mmoja wa Elinami ulikuwa kwenye mahindi, mwingine kwenye simu.

"Huyu namtoa," alisema. Yeye ndiye admini wa kundi la wafugaji wa sungura. "Kila siku swali lile lile. Sungura wangu hali, sungura wangu hali. Tumeshamjibu, hasikii."

"Umfungiaye mlango hakuagi," alisema Bibi bila kuinua macho.

Nakijwa akacheka. "Hiyo umeitunga sasa hivi, Bibi."

"Mimi naunga mboga tu, methali siwezi. Hiyo ina kwao. Weka simu chini, Elinami, haitakimbia. Ilianza hivi."

Pale Mombo palikuwa na fundi saa aliyeitwa Senkondo, mtu mpole, wa kufungua kitu taratibu na kukirudisha kilivyokuwa. Tangu ujana alipenda salamu za redioni, zile za kutuma kadi ili mtangazaji asome majina ya uwapendao. Kadi zilipopungua, wapenzi wa salamu wakahamia kwenye simu. Wakaanzisha kundi lao, na Senkondo wakamkabidhi mlango: yeye aingize, yeye atoe.

Kundini hawakuandikiana. Salamu ni sauti. Asubuhi kila mtu alibonyeza simu yake, akasema yuko wapi, anafanya nini na anamsalimu nani, kisha akafunga kwa ujumbe. Aliyetajwa alipaswa kujibu kabla jua halijazama. Asipojibu, aliyemsalimu alikuwa na haki ya kumdai mbele ya wote, nao wakamcheka mdaiwa mpaka alipe.

Waliopendwa kuliko wote walikuwa mapacha wa Pangani, Kurwa na Doto, wajane waliokaa nyumba moja. "Mimi Kurwa, niko jikoni nangoja chai ichemke. Namsalimu Doto aliyeko uani, anayejifanya anafagia. Ujumbe wangu: mkila, naweni." Na Doto akajibu kutoka uani: "Nimesikia. Hiyo chai yenyewe haina sukari."

Doto akafa. Kundi zima likatuma pole. Arobaini ilipopita, Kurwa akarudi na salamu zake zile zile. "Namsalimu Doto aliyeko uani." Mchana akasema tena. Jua likizama: "Doto, nakudai."

Mwanzoni watu walivumilia. Kisha yakaanza manung'uniko. Mmoja alisema bando lake linaisha. Mwingine alisema huku ni kuita wafu, na watoto wake wanasikia.

Senkondo hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Alijiuliza kwa siku kadhaa afanye nini. Hakutaka kumwaibisha mtu mzima kwa sauti mbele ya watu, akaona heshima ni kuandika. Akaandika: Bi Kurwa, tunaomba salamu moja kwa siku, tena kwa walio hai. Kesho yake akaandika tena. Salamu za Doto hazikukoma. Ndipo alipomtoa, akawaambia wenzake kwamba Ijumaa atamrudisha, nyoyo zikishapoa.

Kundi likatulia. Utulivu ule haukumkaa vizuri Senkondo. Ulikuwa kama saa uliyoizoea ikisimama ghafla. Ijumaa ilipofika akamrudisha, akamsalimu wa kwanza. Jua likazama bila jibu. Akapiga, simu haipatikani. Jumatatu alifunga kibanda chake akaenda Pangani.

Pale nyumbani alimkuta jirani, Bi Tatu, akikunja mikeka barazani.

"Natoka Mombo," alisema. "Naitwa Senkondo. Mimi ni mtu wa salamu."

Bi Tatu aliinua kichwa. "Fundi Saa. Sauti yako naijua. Karibu, baba, ila umechelewa. Tulimzika Alhamisi. Kifua."

Senkondo akakaa kwenye ncha ya baraza. "Tulimtoa kwa siku chache tu," alisema. "Nilimwandikia kwanza. Zaidi ya mara moja."

"Ulimwandikia?"

"Kwa heshima, mama."

"Bi Kurwa hakujua kusoma. Msomaji alikuwa Doto."

Senkondo alitazama mikono yake. Baadaye akauliza, "Na Doto... Bi Kurwa alijua kwamba amekufa?"

"Alijua. Alimwosha kwa mikono yake. Alisema siku atakayonyamaza asimsalimu, ndiyo siku atakayokuwa amemzika."

"Na sisi? Alituachia neno?"

Bi Tatu aliacha kukunja. "Jumatano alitaka kuwaaga. Nilimwinua, nikamshikia simu. Akabonyeza, akabonyeza, haikuchukua sauti. Palitokea maandishi, nami pia sijui kusoma, tukayatazama tu. Akaniuliza, wamekwenda wapi wote? Nikamwambia ni mtandao."

Senkondo alirudi Mombo. Wenzake walikuwa wakimngoja kundini, na wote waliuliza jambo moja: ujumbe wake wa mwisho ulikuwa upi? Maana salamu haifungwi bila ujumbe. Senkondo akabonyeza simu yake.

"Hakuna ujumbe," alisema. "Umfungiaye mlango hakuagi."

Wenzake wakalibeba neno hilo, likatoka kundini likaingia mitaani, mpaka likafika kwetu huku milimani. Namba ya Kurwa, Senkondo hakuitoa tena, ingawa ilikuwa imekufa. Kila asubuhi aliwasalimu wote wawili, Kurwa aliyeko jikoni na Doto aliyeko uani. Jua likizama, hakuwadai, na hakuna aliyelalamika.

Hapo Bibi Namsifu alimaliza hadithi. Punje zilikuwa zimeacha kuanguka. Elinami alikuwa ameokota simu na kuiweka sikioni.

"Inaita tu," alisema. "Yule wa maswali hapokei."

"Anaitwa nani?" aliuliza Nakijwa.

"Sijui. Ninayo namba tu."

Giza lilikuwa limeanza kuingia uani. Bibi akakung'uta nguo yake, akafunika ungo kwa kanga. Zaidi ya nusu ya mahindi yalikuwa bado kwenye magunzi yake.

"Haya yatatungoja," alisema. "Kesho tutaendelea, nawe utampigia tena."

Elinami aliitazama ile namba. Hakuitoa.

"Umfungiaye mlango hakuagi," alisema polepole, akaiacha simu ikiwaka kando ya ungo.