Mtoto Anayecheka Kifuani

Usiku, wapendwa, nyumba ya kupanga imelala yote, mama mmoja akasikia mtoto akitapika upande wa pili wa ukuta. Kulia tumeshazoea, mtoto akilia unajua yupo. Huku kulikuwa kutapika kwa tumbo lililokwisha kuwa tupu, kooh, halafu kimya, halafu kooh tena, na kila kimya kirefu kuliko kilichotangulia.

Yule mama akaketi kitandani. Akamshika mwanawe aliyelala pembeni, akamgusa paji, akamgusa tumbo, mzima. Na badala ya kushukuru akaziba masikio, maana alijua kwa nini wake ni mzima.

Mama huyu aliuza unga wa uji wa watoto. Mahindi, ulezi, soya, karanga. Alianza na sufuria moja na ungo mmoja, na karanga zake alizichambua mwenyewe, moja moja, iliyokunjamana anatupa, yenye ukungu anatupa, mpaka majirani wakamtania, "Wewe karanga unazifanyia usaili?" Unga ulikuwa mzuri ila haujulikani. Basi akasikia kwamba siku hizi biashara ndogo inatangazwa na nguo: unadarizi nembo yako kwenye fulana, watu wanavaa, unatangazwa hata ukiwa umelala. Akaona hilo ndilo.

Akaenda kwa fundi wa kudarizi. Nembo ilikuwa sura ya mtoto anacheka juu ya kikombe, na chini yake maneno: Cheka Mwanangu. Siku tatu alikaa pale kwenye kigoda, macho kwenye sindano.

"Fundi, huyu mtoto mbona kama analia?"

"Mama, huyo anacheka. Uzi tu haujakaa."

"Mdomo uinue. Nani atanunua uji wa mtoto anayelia?"

"Nimeufumua mara nne! Wa kwako nyumbani ndiyo anacheka hivyo?"

Fundi akafumua, akadarizi, akafumua tena, mdomo ukakaa. Lakini sikilizeni, siku hizo tatu mvua ilinyesha, bati la stoo likavuja juu ya gunia la karanga, na aliporudi akakuta zina joto, zina harufu, zimeota ukungu wa kijani. Kuzichambua kungechukua wiki nzima. Siku ya kliniki ni keshokutwa na fulana ziko tayari. Akasaga. Zote. Akajisemea, moto wa jikoni utaua huo ukungu. Na mwanawe? Huyo mama akaendelea kumpikia unga wa zamani uliobaki kwenye kopo, eti usije ukaharibika.

Siku ya kliniki akagawa fulana ishirini na tano kwa akina mama waliopanga foleni kupima watoto uzito, na ya kwanza akampa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Unga ukaisha kabla ya saa nne. Hakuna aliyeuonja, hakuna aliyeunusa! Waliitazama ile sura, uzi unang'aa, mdomo umekaa, wakasema mtu aliyejitahidi hivi kwenye nguo hawezi kutuuzia kitu kibaya.

Sasa, usiku ule wa kutapika, mlango ukagongwa. Ni yule jirani, mtoto begani, shingo ya mtoto imelegea. Amevaa ile fulana, ameivaa gizani kwa haraka, upande wa ndani umekuwa nje. Na mwenye unga, tochi mkononi, akaiona kazi ya fundi kwa upande ambao hakuwahi kuutazama: mafundo, nyuzi zimekatizana, macho hayapo, mdomo haujulikani uko wapi.

"Dada, nisaidie pakiti moja. Nimempa uji wako tangu jioni apate nguvu, wote anautoa, na wangu umeisha."

"Usimpe tena."

"Nisimpe nini?"

"Uji. Karanga zilikuwa mbovu, nilijua, nilizisaga najua. Mkimbize hospitali, sasa hivi, na nakupigia magoti, jirani yangu, usiniaibishe."

Wapendwa, ungekuwa wewe ungesema nini? Ungepiga yowe? Kumbuka huyu ndiye aliyekubeba na mkoba wako usiku ule uchungu ulipokushika mume hayupo. Lakini kumbuka pia vyumba vingine ishirini na nne, fulana zimetundikwa msumarini, pakiti ziko kabatini, na kukicha akina mama watainjika sufuria.

Sisi nasi tumedariziwa. Vitenge vya umoja wetu wa akina mama vina nembo kifuani na mgongoni, na watu wakiiona nembo wanatuachia watoto wao bila kuuliza. Upande wa ndani, ule unaogusa ngozi, tunaujua wenyewe. Tumeacha ungo tukashika uzi. Hilo peke yake linatosha kutukosesha usingizi.

Ila aliyefanana nasi zaidi ni yule jirani. Tunaambiwa jambo linaloweza kuua watoto wa watu, na kwa kuwa anayetuambia ni mwenzetu, na analia, tunamhurumia huyu tunayemwona na kuwasahau wale tusiowaona, halafu tunaita upendo. Akitubu kwetu tunalala, yeye analala, na uji unachemka. Tukiulizana hapa leo ni nani anajua gunia bovu la mwenzake, si wote tutaangalia sakafu? Nani atainuka? Kutakucha, akina mama, na sijui nani atainuka.

Maana jirani hakupiga yowe. Alimhamisha mtoto bega, mtoto hakulia, akamvuta mwenzake kifuani, yale mafundo yakamkwaruza shavu, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Nyamaza, dada. Umeniambia mimi, inatosha. Sitamwambia mtu mwingine."