Mashahidi Wasiokula kwa Tajiri

Palikuwa na kadhi mmoja, Sheikh Muhidini, mcha Mungu asiye na kifani: siku nne za juma alikula chakula cha mchana kwa Ghalibu, tajiri wa ngozi, na siku tatu zilizosalia aliona haya, akaletewa nyumbani.

Kiwanda cha Ghalibu kilikaa ukingoni mwa mto, kikimwaga humo chokaa na majimaji ya ngozi. Chini yake, maji yaendako, alifulia dobi mmoja mjane, Mwanatumu. Nguo alizofua zikawa zinarudi kwa wenyewe zikinuka kuliko zilivyokuja. Wateja wakamkimbia. Naye akamshtaki tajiri.

"Lete mashahidi wawili," akaamuru kadhi, akichezea ndevu. "Wawe wakazi wa mto huo, usiku na mchana. Wasiwe na chuki na Sheikh Ghalibu. Wala wasiwe wamewahi kula kwake. Ukiwapata, kiwanda kitahama. Ukiwakosa, utahama wewe na beseni lako."

Watu wakatazamana. Katika mji ule, nani hakuwa amekula kwa Ghalibu?

Mwanatumu akainama kwa adabu. "Ahsante, Sheikh, kwa masharti mepesi. Nipe hadi kesho."

Kesho yake akaja na mabakuli mawili. Moja lilikuwa na maji ya juu ya kiwanda, na ndani yake kamba wadogo wawili wakichezacheza. La pili lilikuwa na maji ya chini ya kiwanda, na tope lake.

"Mashahidi wangu ndio hawa kamba. Wakazi, hawana chuki, na kwa tajiri hawajatia mguu."

"Mwanamke, kamba husema?"

"Wakiulizwa vizuri, Sheikh."

Akawachota, akawatia katika bakuli la pili. Wakarukaruka, wakapinduka, wakatulia.

"Mbona kimya?" akacheka Ghalibu.

"Wamekwisha kusema."

"Wamekufa!" kadhi akafoka.

"Na aliyeuawa kwa dhuluma, Sheikh, vitabu vyamwitaje?"

"Shahidi," akajibu kadhi, kabla hajauwahi ulimi wake.

"Basi ulitaka mashahidi, nimekuletea mara mbili."

Ghalibu akaruka. "Nami ninao wangu! Tazameni topeni: minyoo wekundu, wazima, wanene! Maji yangu yana ubaya gani?"

Kadhi akachangamka kama aliyesikia harufu ya pilau. "Naam! Nawakubali."

"Na sharti la tatu, Sheikh?" akauliza Mwanatumu kwa upole. "Maji yakiharibika, kamba hufa, samaki hukimbia. Hawa ndio hubaki, kwa kuwa uchafu wa tajiri ndio riziki yao. Wamekula kwake miaka yote. Ndiyo maana wamenenepa, wala hawaoni ubaya wowote."

Kadhi akalivuta joho lake, akafunika tumbo.

"Unamsema nani, wewe dobi?"

"Minyoo, Sheikh. Kwani yupo mwingine?"