Mstari Ulioandikwa kwenye Kengele

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya wanyama kuongea, nasema zamani ambayo bibi yako akitulia vizuri ataikumbuka, palikuwa na usharika mmoja juu kabisa ya milima ya Upare, kule tangawizi inakolimwa mpaka ukingoni mwa genge. Watu wa usharika ule walikuwa na mali moja isiyopimwa kwa debe: mistari. Kila kijana aliyemaliza mafundisho ya kipaimara alipewa na mchungaji mstari mmoja wa Biblia, umeandikwa kwenye kadi, na jina lake likaandikwa kwenye daftari la kanisa pembeni ya mstari huo. Ukishapewa, ni wako. Ukiugua, unasomewa huo. Ukifa, unazikwa nao.

Sasa nisikilizeni, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Palikuwa na msichana anaitwa Nakiete. Katika darasa la vijana ishirini na wawili, mwalimu akiuliza na wote wakanyamaza, aligeuka kumtazama yeye. Alijua amri, alijua imani, alijua sala. Zilipobaki wiki tatu kufikia Jumapili ya kipaimara, tumbo lake likaonekana.

Wazee wa kanisa wakamwita. Wakamuuliza, "Ni nani?"

Nakiete akasema, "Ni Zefania, huyo anayekaa benchi la pili."

Wakamwita Zefania. Wakamuuliza, "Ni wewe?"

Zefania akatazama viatu vyake.

Wakamuuliza tena. Akaendelea kuvitazama viatu vyake kana kwamba vitamjibia. Basi wazee wakashauriana, wakasema: kijana hajakubali, na tumbo la msichana tunaliona wenyewe. Nakiete akatengwa. Hakuna kipaimara, hakuna kadi, hakuna Meza ya Bwana, na akija ibadani akae benchi la mwisho mpaka atakapotubu mbele ya watu. Zefania akavaa shati jeupe, akapiga magoti mbele ya madhabahu, akapewa mstari: Zaburi ya mia na ishirini na moja, aya ya tatu. *Asiuache mguu wako usogezwe, asisinzie akulindaye.*

Mmesikia? Haya, tuendelee, hasira zenu ziwekeni, zitahitajika.

Mchana wa Jumapili ileile Nakiete alikuwa shambani, anang'oa tangawizi. Zefania akaja na shati lake jeupe, akasimama mbali kidogo, akamnyooshea kadi.

"Chukua," akasema. "Mimi sistahili."

Nakiete alikuwa na jembe mkononi, na kwa muda fulani hata yeye hakujua atafanya nalo nini. Kisha akafuta udongo kwenye kanga, akaipokea ile kadi.

"Naichukua," akamwambia. "Lakini usidhani ni kwa sababu umenipa zawadi. Umesema hustahili, na hilo ndilo neno la kweli la kwanza nililolisikia kinywani mwako. Sasa ondoka, unanikanyagia tuta."

Hakuna aliyemfundisha Nakiete kuomba na mstari. Alianza kwa ugomvi. Asubuhi ya kwanza aliisoma kadi kwa sauti: asiuache mguu wako usogezwe. Akauliza, "Mguu wa nani? Wangu umeshasogezwa. Umesogezwa mpaka benchi la nyuma!" Akakaa kimya. Na katika ule ukimya akagundua jambo ambalo katika miaka miwili ya mafundisho hakuna aliyemwambia: kwamba mstari unaweza kujibiwa, na kwamba ukiujibu kwa kweli, huo umeshakuwa wimbo wako na kilio chako na sala yako.

Toka siku ile ikawa desturi yake. Kwanza anausema kama ulivyoandikwa. Pili anausema na mambo yake ndani. Tatu ananyamaza, mpaka maji ya chai yachemke.

Siku ya kubeba viroba kuteremka kwenye njia ya utelezi alisema, "Mguu wangu, Bwana, ule wa kushoto, wenye goti bovu. Usiuache." Binti yake, Namsifu, alipopata homa na yeye amekesha siku ya tatu, alisema, "Wewe husinzii. Mimi nasinzia. Basi tupokezane zamu, mwangalie Namsifu nilaze kichwa kidogo." Na siku alizochukia watu, alisema hivyohivyo, kwa majina yao, pamoja na viatu vyao.

Kila mwaka mzee mmoja wa kanisa alitumwa kumuuliza, "Mama Namsifu, utatubu lini urudi kundini?"

Na kila mwaka Nakiete alijibu, "Siku tutakayotubu wawili. Dhambi ile sikuifanya peke yangu, mimi si mchawi."

Miaka thelathini! Miaka thelathini benchi la nyuma, shingo imenyooka kama mlingoti, kilemba kimefungwa kwa ustadi kuliko cha mke wa mchungaji. Zefania akaoa, akawa mkulima wa kusifiwa, akachaguliwa mzee wa kanisa. Kijiji kizima kilijua Namsifu amechukua paji la uso la nani. Lakini kujua ni kitu kimoja, kusema kanisani ni kingine.

Namsifu naye akakua, akabarikiwa, akapewa mstari wake mwenyewe, akawa mwalimu wa watoto wa Jumapili. Aliona wanavyokariri kama kasuku, anayekosea anachapwa, anayepatia hajui alichopatia. Akachukua daftari la shule. Ukurasa wa kushoto akaandika mstari wa mama yake. Ukurasa wa kulia akauacha mtupu, juu yake akaandika: *Sasa sema wewe.* Watoto wakanakili, mama zao wakanakili kutoka kwa watoto. Asiyejua kuandika alisemewa na mjukuu. Katika mwaka mmoja hapakuwa na jiko kijijini ambamo Mungu hakuwa ameelezwa habari za mguu wa mtu.

Ndipo ikaja masika ile mbaya. Mvua siku tisa, na asubuhi ya siku ya kumi mlima ukaanza kuguna. Watu wakateremka kwa ile njia ya utelezi, mama mbele, mtoto mgongoni, mzee ameshikwa mkono, na kila mmoja anausema ule mstari na jina lake ndani. "Mguu wa Eliamani usisogezwe." "Mguu wa bibi Nambazi usisogezwe." "Na wa mbuzi wangu pia, Bwana, samahani." Nyuma yao nyumba kumi na nne, pamoja na nusu ya kanisa, vikafunikwa na udongo. Watu wote wakafika chini. Wote.

Kanisa likajengwa upya, na kengele mpya ikanunuliwa, kwa maana ya kwanza ilikuwa imepasuka. Usharika ukaulizwa, mstari gani uandikwe kwenye kengele? Hata hawakupiga kura, walijibu kwa pamoja.

Sasa sikilizeni mila ya mahali pale. Kengele mpya ikitundikwa, mwenye mstari ndiye huivuta mara ya kwanza, mkono wa mtu mmoja tu, kisha huomba ombi moja kwa mstari wake, na usharika wote hupiga magoti na kuitikia. Ombi hilo huwa ni la watu wote. Huandikwa kwenye daftari la kanisa, na husomwa kila mwaka siku hiyo.

Jumapili ikafika. Mchungaji, kijana aliyehamia juzijuzi na hajui lolote, akafungua daftari, akatafuta kwa kidole, akasoma: "Mwenye mstari ni Mzee Zefania."

Kanisa likaguna kama ule mlima.

Na kule nyuma, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, Nakiete akainuka kwenye benchi la mwisho akaanza kutembea kwenda mbele. Kilemba hakikutikisika.

"Mama, waliotengwa hawaji huku," mzee mmoja akamnong'oneza.

"Nizuie basi," Nakiete akamwambia.

Hakumzuia.

"Mchungaji," akasema, "daftari lako lina jina. Mimi nina mstari. Huyu aliushika kwa muda wa saa tatu tu, tena mfukoni. Mimi nimeushika miaka thelathini, kinywani. Mlininyima kadi, mkaninyima Meza, mkaninyima hata salamu za Krismasi. Hamkuweza kuninyima Mungu, kwa sababu nilikuwa na maneno ya kumwitia. Nikivuta kamba hii, nitaomba ombi langu: kwamba mimi Nakiete, ambaye hamkunibariki, mguu wangu haukusogezwa. Nataka mlipigie magoti hilo. Nataka lisomwe kila mwaka."

"Aseme mama!" bibi Nambazi akapaza sauti. "Miaka yote hii mmesikia kikohozi chake tu!"

Zefania akasimama. Watu wakadhani atatazama viatu. Hakuvitazama.

"Ndugu zangu," akasema, "mstari ulikuwa wangu, na niliutoa. Kwa miaka thelathini nimekaa bila mstari. Mlipougua niliwasomea mistari yenu. Mimi nilipougua nilikataa kusomewa, na hamkujua kwa nini. Namsifu ni binti yangu."

Mkewe akafunika uso kwa kanga. Mzee mwenzake akamvuta koti, "Kaa chini, Zefania, utavuliwa uzee!" Zefania akautoa ule mkono taratibu.

"Mnivue. Lakini mnipe kamba kwanza. Mama Namsifu hahitaji kuomba kwamba mguu wake haukusogezwa, jambo hilo tunaliona. Uliosogezwa ni wangu. Nikiivuta nitaomba toba, kwa mstari uleule nilioukimbia, na ombi hilo litasomwa kila mwaka, nikiwa hai na nikiwa nimekufa. Nakiete, ulisema utatubu siku tutakayotubu wawili. Leo ndiyo siku. Niache nianze."

Maneno yale yalimwingia Nakiete mahali ambapo hakuwa amejiandaa kuguswa. Miaka thelathini aliisubiri sentensi ile, na sasa imekuja imeshika kamba yake. Akageuka kumtafuta binti yake, amsaidie. Alijua Namsifu atasema nini: mpeni mama.

Namsifu akasimama kati ya watoto wake wa Jumapili. Akasema, "Nipeni mimi."

"Wee Namsifu!" mtu akashtuka. "Unashindana na mama yako mzazi?"

"Sishindani na mtu. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha nisijifiche nyuma ya mgongo wa mtu, hata wake." Akamtazama Nakiete. "Mama, shikamoo. Uliomba na mstari peke yako jikoni, nao ungebaki jikoni. Baba," na neno hilo likawa kama jiwe limeanguka kwenye maji, "wewe uliutoa ili ukuondokee. Mimi ndiye niliyeufikisha kwa watu. Siku ile ya mlima, mliteremka na daftari langu. Kengele hii ina mstari huu kwa sababu ya ukurasa wa kulia."

"Na ombi lako je?" mchungaji akauliza.

"Wiki iliyopita baraza la wazee lilimtoa msichana mwingine kwenye darasa la kipaimara. Ana miaka kumi na sita. Mvulana amebaki darasani. Mchungaji, sahihi ni yako, uliletewa karatasi ukatia. Nikivuta kamba nitaomba mguu wake usisogezwe, wala wa msichana mwingine yeyote hapa. Mkishaitikia, mkishaliandika, nione ni mzee gani atamsogeza mtu benchi la nyuma halafu aje alisome ombi hilo mbele yetu. La baba ni la jana. La mama ni la kwake, na ni haki yake. Langu ni la yule binti, na yeye hana miaka thelathini ya kusubiri."

Nakiete alisimama mbele pale, hatua moja tu kutoka kwenye kamba. Mkono wake ulikuwa umeshainuka nusu. Aliona fahari kwa binti yule, na papo hapo alitamani kumzaba kibao. Alimwona Zefania amesimama wima kwa mara ya kwanza tangu ujana, na hakutaka kumwonea huruma, na alimwonea. Akajiuliza: nikirudisha mkono, nitakuwa nimesamehe, au nitakuwa nimesogezwa tena? Na kiburi kilichomsimamisha miaka yote kikamwambia vuta, na sala iliyomsimamisha miaka yote ikakaa kimya, kama ilivyozoea kukaa mpaka maji yachemke.

Mchungaji akafunga daftari. Akaishika kamba, akainyoosha mbele yao watatu, akageukia usharika. "Mimi ni mgeni," akasema. "Na nimeshakosea mara moja. Semeni ninyi."

Basi semeni ninyi. Msiniambie wavute wote watatu, mila imesema mkono mmoja. Msiniambie mama arithiwe na binti, wala baba asamehewe kesho. Kengele inavutwa mara ya kwanza mara moja tu. Wewe uliyekasirika tangu kwenye viatu, na wewe uliyelainika pale baba aliposema *binti yangu*, na wewe msichana unayejifanya husikii, nijibuni, watu wameshapiga magoti wanangoja: aliyepewa mstari akautoa, aliyenyimwa mstari akaomba nao, na aliyeuchukua akaugawa. Je, kamba ile ilimstahili nani?