Bega la Muuza Vitumbua

Ndugu zangu, aliyesinzia aamshwe na jirani yake, maana mfano huu una wenyewe.

Kulikuwa na mwalimu wa mazoezi huko mjini, mtu aliyejijua kwamba anajua. Na msinune, alijua kweli! Utafiti ukitoka leo kuhusu moyo au sukari, kesho asubuhi ameshausoma na wanafunzi wake wanautolea jasho. Watu waliokuja kwake wakihema kwa kupanda ngazi tatu, waliondoka wanakimbia. Kila alikopita aliambiwa, "Mwalimu, umeniokoa," na kifua kikamjaa fahari. Alistahili.

Basi mama yake, aliyeishi peke yake kijijini, akapata kiharusi. Mguu wa kushoto ukagoma. Daktari akasema mguu ule ufanyishwe mazoezi kila siku, la sivyo mama huenda asisimame tena.

Mwalimu akakaa siku tatu, kisha madarasa ya mjini yakamwita. Jirani wa mama, muuza vitumbua, mwanamke mnene mwenye maneno machache, akamwambia, "Nenda tu, nitamwangalia."

"Asante, mama. Ila na wewe punguza mafuta, yatakuua."

Alipofika mjini akasoma kila utafiti wa kiharusi alioupata. Akarekodi masomo ya video, leo vidole, kesho goti, akayaweka mtandaoni na kuyaita Somo la Mama. Maelfu wakatazama, wengine wakalia. "Mwana kama huyu ni baraka," waliandika, naye akasoma kila neno. Kila jioni alimpigia mama simu.

"Mama, somo la leo umeliona?"

"Nimesikia, baba. Mungu akubariki."

"Na mguu?"

"Unaendelea."

Mmemsikia mama? Anaulizwa kama ameona, anajibu amesikia. Mwalimu hilo lilimpita.

Baada ya miezi minne akaenda kijijini kurekodi somo la mwisho. Akamkuta mama yake amesimama! Anatoka mlangoni kwenda bombani, mkono begani kwa muuza vitumbua, mguu unaburuta lakini unaenda. Machozi yakamtoka mwalimu. Haya ndiyo matunda ya kazi yangu, akawaza, akainua simu yake arekodi.

"Mama, waambie watu, ni somo lipi lililokusaidia zaidi?"

Mama akatazama chini. Muuza vitumbua akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akarudi na simu ya mama. Kitochi, ndugu zangu! Kile cha kubonyeza, kimefungwa mpira kisiachie betri.

"Mwalimu, hii nayo inaonyesha video?"

Mwalimu akaona aibu. Miezi minne, na hakujua mama yake anashika simu gani.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ungeumia, baba. Na mimi kijiji kizima nimekitangazia kwamba mwanangu ananifundisha."

"Mimi sikusomea," akasema muuza vitumbua. "Nikimaliza kuchoma, nampa bega. Namwambia twende bombani, maji hayajileti."

Mwalimu akazima simu, akaja kusimama mahali pa yule mwanamke. Mama akaweka mkono begani kwa mwanawe, akayumba, nusura aanguke.

"Siyo hivyo, baba," akamwambia. "Inama kidogo."

Ndugu zangu, elimu ya yule mwalimu haikuwa na kasoro, na mapenzi yake yalikuwa ya kweli. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Yule muuza vitumbua najivunia kana kwamba alibatizwa hapa kwetu! Na sisi je? Ni mara ngapi tumemwandikia mgonjwa "Pole sana, tuko pamoja," tukiwa tumejilaza kwenye kochi? Tuko pamoja wapi? Nani kati yetu anajua mwenzake aliyekosekana kwenye benchi lake leo amekula nini kabla ya kunywa dawa?

Kwa hiyo ibada ikiisha, msinipangie foleni mlangoni kuniambia mahubiri yamewabariki. Kuna mtu mnamjua, kila mmoja wenu na wake, mguu umemgomea na bomba liko mbali. Nendeni kwake. Na mkifika, inameni kidogo.