Kahawa ya Eufrasio

Wahenga hawakusema kwamba mchelewaji hafiki. Walisema atafika, ila atakachokikuta hakitakuwa chake tena. Eufrasio wa Martos alifika kasri la Alhambra ameshiba chakula na maongezi, na haya ndiyo yaliyomkuta.

Siku ya harusi yao alimwahidi mkewe, Casilda, kwamba angempeleka Granada kulitazama kasri hilo la Wamori, watawala Waislamu wa zamani, waingie wameshikana mikono. Granada si mbali na Martos. Lakini harusi ilikuwa Novemba, na kwetu Novemba zeituni hazimsubiri mtu. Mwaka uliofuata kukawa na mtoto, kisha ukame, kisha trekta jipya. "Baada ya mavuno," Eufrasio alikuwa akisema, na mavuno yakaja na kupita hadi wote wawili wakaota mvi. Ndipo macho ya Casilda yalipoanza kufifia. Daktari hakumficha: kabla ya mavuno mengine angekuwa kipofu. Eufrasio alishtuka, akakata tiketi za mwezi Juni, saa kumi alasiri.

Asubuhi ya siku hiyo walizunguka bustani za kasri, Casilda akiinamia kila waridi na kulitazama kwa muda mrefu. Saa nane wakashuka mjini kula. Mkahawani wakamkuta Blas, aliyekuwa jeshini pamoja na Eufrasio ujanani. Sasa, kwetu anayeinuka mezani mara tu sahani zinapoondolewa huonekana hana malezi. Chakula kikiisha, maongezi ndiyo huanza.

"Eufrasio, saa yetu," Casilda alinong'ona. "Wanapokea watu nusu saa tu; ikitupita hatuingii."

"Kasri limesimama miaka mia saba, bibi wee. Litaanguka kabla sijamaliza kahawa?"

Blas alicheka, akaagiza kahawa nyingine.

"Kasri halina haraka," Casilda alisema. "Mwenye haraka ni mimi."

"Dakika tano tu. Nitamwachaje mtu na kikombe kimejaa? Atasema nimelelewa wapi?"

Casilda akachukua tiketi yake, akatoka akipapasa ukuta. Eufrasio alidhani amekwenda msalani, akaendelea kumsimulia Blas bei ya mafuta ya zeituni.

Alipong'amua kwamba mkewe ametangulia kasrini, alipanda kilima mbio. Mlinzi wa mlango aliitazama tiketi yake, akamrudishia.

"Zamu yako imepita, mzee."

"Mke wangu yumo ndani."

"Basi msubiri atoke."

"Dakika moja tu, mwanangu."

"Ulikuwa na nusu saa nzima."

Eufrasio akaketi juu ya jiwe, juani, akajiona mjinga. Hakukosea.

Jua lilikuwa limeanza kupoa Casilda alipotoka. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha mumewe kuliko matusi.

"Umeviona vyote?" Eufrasio aliuliza.

"Nimeviona. Simba wa mawe, maji, na ile dari yao ya nakshi."

"Basi hujakosa kitu."

"Nimekosa." Akamgusa shavu. "Dari iko hata kwenye picha. Nilitaka kukuona wewe ukiwa chini yake."

Eufrasio aliapa kwamba wangerudi, na kwa kweli walirudi, Februari, baada ya mavuno. Safari hii hakuna aliyekunywa kahawa. Walikuwa wa kwanza mlangoni, yeye amenyoa ndevu na amevaa suti iliyopigwa pasi vizuri. Wakaingia wameshikana mikono, kama alivyoahidi. Chini ya dari ile Casilda akainua uso, kisha akamgeukia mumewe, na kote kulikuwa na giza lile lile.

"Unaonekanaje?" akauliza.

Eufrasio akalia. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.