Tovuti ya Uyoga

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana simu zilikuwa zimeshafika vijijini, palikuwa na mhadhiri wa chuo kimoja huko Njombe, jina lake Adelina Mgaya. Alipima tovuti za wanafunzi kwa jedwali la vigezo: habari ziwe za kweli, msomaji azifikie bila taabu, na kosa lisifichwe. Walimwogopa, kwani hakuwahi kumpa mtu alama zote.

Mwaka huo zawadi ya tovuti bora ilikuwa nafasi moja ya masomo ya juu. Wanafunzi watatu wakamletea tovuti moja waliyoitengeneza pamoja, ya uyoga wa porini: upi unaliwa, upi unaua.

Adelina hakuipimia ofisini. Alishuka barabarani wanakouza uyoga, akamwonyesha muuzaji mmoja, Mama Semeni, jinsi ya kuifungua. Simu ya mama ilikuwa kuukuu na mtandao wa kusuasua, lakini ukurasa ulifunguka. Mama akasoma, kisha akachomoa uyoga mmoja kwenye beseni lake.

"Huu ningewapikia wanangu leo," akasema.

Adelina akarudi chuoni. Akajaza alama zote, akawaita wale watatu, akawasimulia ya Mama Semeni.

"Kazi hii sijaona mfano wake. Lakini nafasi ni moja. Nani aende?"

Imakulata akasema, "Mwalimu, mimi niliingia msituni na mabibi wanaoujua uyoga, msimu mzima wa mvua. Nikalowa, nikaugua, nikarudi tena. Bila mimi, tovuti ingekuwa ganda tupu."

Festo akasema, "Mwalimu, mimi niliipunguza uzito hadi ikafunguka kwenye simu ya yule mama. Bila mimi, ujuzi wa Imakulata ungeishia hapa chuoni."

Sekela akasubiri aulizwe, ndipo akasema.

"Picha ya uyoga wa sumu ilikuwa imewekwa kwenye ukurasa wa uyoga unaoliwa. Niliyeiweka ni mimi, Mwalimu, na hakuna aliyegundua. Usiku kabla hatujakuletea nikaiondoa, nikaandika pale pale juu kwamba nilikosea, na jina langu nikaweka. Uyoga alioutoa Mama Semeni ndio huo."

Wenzake wakamgeukia. Hawakuwa wamelijua hilo.

Adelina akashika kalamu, akaiweka chini. Vigezo vyake vilipima tovuti, watu havikuwapima.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, kalamu ni yenu. Aende aliyeutafuta ukweli, aliyeufikisha kwa watu, au aliyeukosea kisha akakiri? Je, nani alistahili?